Kurt Warner na ile stori ya shelfu: jibu kwa mdogo wangu wa Morogoro

Mdogo wangu wa Morogoro kaniandikia, nafupisha: "Mwalimu shikamoo. Kuna klipu inazunguka huku ya Kurt Warner, wanasema alikuwa anapanga bidhaa supermarket usiku, kesho yake kaitwa NFL, ile ligi yao kubwa, akawa mchezaji bora wa Marekani nzima. Hiyo si chumvi? Na kama alikuwa mkali kiasi hicho mbona baada ya miaka michache timu hiyohiyo ilimtema? Nieleweshe taratibu, mimi ni mtu wa Simba, futiboli ya Wamarekani naiona kama watu wanagombania mkate."

Marahaba mdogo wangu. Hapo kwenye mkate nimecheka peke yangu jikoni mpaka mke wangu kauliza kuna nini. Sasa umenishika pabaya maana mimi naishi Waterloo, jimbo la Iowa, na Cedar Falls ambako hiyo supermarket ilikuwepo ni mji wa jirani kabisa, ukiendesha gari hujui hata umeingia saa ngapi. Supermarket zenyewe zinaitwa Hy-Vee, zimejaa huku kwetu, na sisi Waswahili wa hapa, Wakongo, Warundi na sie wengine wachache, unga na mchele wa haraka tunanunua humohumo. Kwa hiyo hii stori mimi naisikia kila mwaka, na kila mwaka inazidi kuwa fupi na tamu. Shelfu ni kweli, hakuna chumvi. Chumvi iko kwenye hilo neno "kesho yake".

Kabla sijaendelea nikupe kitu kimoja cha kukishika maana bila hicho mengine yote utayaona ni majina tu. Kwotabeki ndo yule anayepewa mpira mwanzo wa kila shambulizi. Timu yake ina majaribio manne ya kusogea yadi 10 (yadi moja ni pungufu kidogo ya mita), ikifanikiwa inahesabiwa upya, ikishindwa inaachia mpira. Mbele yake wanasimama watu watano wanene wa kumzibia, nyuma yao kuna kauwazi kadogo anakosimama yeye, wenyewe wanakaita poketi, na kutoka mpira unapoingia mkononi ana sekunde mbili na nusu hivi, tatu ikienda vizuri, kabla hajafikiwa na mijitu ya kilo 120 inayokuja kwa mbio kumvunja. Ndani ya hizo sekunde achague nani wa kumrushia kati ya watu wanne watano wanaokimbia huko mbele. Makwotabeki wengi wakiona mtu anawajia wanafanya moja kati ya mawili, wanakimbia au wanautupa mpira nje. Warner alikuwa anabaki. Anasimama palepale, anatazama mbele kama hamwoni huyo anayekuja, anauachia mpira dakika ya mwisho kabisa halafu anapigwa. Weka hilo kichwani, ndo jibu la maswali yako yote mawili.

Sasa turudi mwanzo. Jamaa kazaliwa Burlington, Iowa, mwaka 1971, akasoma chuo cha Northern Iowa hapo hapo Cedar Falls, na chuoni kwenyewe alikaa benchi miaka yote mpaka mwaka wa mwisho, 1993, ndo akaanza kucheza, na mwaka huohuo akawa mshambuliaji bora wa ligi yao. Ila nani anaangalia mtu wa mwaka mmoja kutoka chuo kidogo? Kwenye drafti ya 1994, yaani ule mnada timu zinapochagua wanachuo, hakuna aliyemtaja. Green Bay Packers wakamwita mazoezini kujaribu bahati, akafika akakuta foleni: Brett Favre, Mark Brunell, Ty Detmer. We fikiria umeitwa kujaribiwa ugolikipa halafu unakuta magolikipa watatu wa timu ya taifa. Wakamkata kabla msimu haujaanza, kocha wa makwotabeki akimwambia una kipaji kikubwa ila bado hujaiva.

Ndo akarudi Cedar Falls. Mchana anasaidia ukocha pale chuoni kwake, usiku anapanga bidhaa Hy-Vee kwa dola 5.50 kwa saa. Na nyumbani hakuwa peke yake, alikuwa na Brenda, mwanamke aliyewahi kuwa askari wa Marine, mama wa watoto wawili, mkubwa wao aliumia ubongo akiwa mchanga na macho yake karibu hayaoni kabisa. Kuna kipindi walikuwa wanaishi kwa vocha za chakula za serikali. Mwezi wa nne 1996 kimbunga kikawaua baba na mama wa Brenda huko Arkansas kwa siku moja. Wakaoana mwezi wa kumi 1997 na wale watoto Warner akawaasili wakawa wake kisheria. Nakutajia haya kwa sababu klipu huwa zinaruka moja kwa moja kutoka shelfu kwenda kombe, na mimi ambaye nimefanya shifti za usiku huku najua ile saa kumi alfajiri unapotoka na miguu imevimba, baridi nje inakata masikio, halafu eti uende mazoezini kurusha mpira. Wengi wetu tungelala.

Sasa hapa ndo pa kusikiliza vizuri. Kati ya shelfu na NFL kuna miaka, na miaka hiyo ndo imemtengeneza. Kuanzia 1995 alichezea Iowa Barnstormers, timu ya Des Moines, kwenye ligi inaitwa Arena Football. Hiyo ni futiboli ya ndani ya ukumbi, we chukulia tofauti ya mpira wa uwanja mkubwa na futsal. Uwanja una urefu wa yadi 50 tu badala ya 100, upana kama nusu ya ule wa kawaida, wachezaji wanane kila upande badala ya 11, pembeni hakuna mstari wa kutokea, kuna ukuta wenye sponji, unagongwa humo mashabiki wanakuona jasho. Kila kitu kiko karibu. Anayekuja kukuangusha yuko karibu, beki yuko karibu, mwanya wa kupitisha mpira unafunguka na kufunga kabla hujapepesa. Ukishika mpira ukawaza umekwisha.

Jamaa kacheza misimu mitatu humo, 1995 mpaka 1997, katika huo wa mwisho akarusha pasi za tachidauni 79 (tachidauni ni kama goli lao, kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani), na mara mbili akaifikisha timu fainali, zote wakafungwa. Waliokuwa wanamcheka kwamba anacheza sarakasi ukumbini hawakuelewa kwamba mkono wake unafundishwa kuamua haraka kuliko mkono wa kwotabeki yeyote wa NFL. Mimi nafundisha watoto flag football wikiendi, ile ya kuchomoa kitambaa kiunoni bila kuangushana, na nimelijaribu hili: nikiwabana kwenye kieneo kidogo kwa wiki tatu halafu nikawarudisha uwanja mzima, wanashangaa mbona kuna nafasi nyingi hivi. Warner mwenyewe amesema mara nyingi kwamba alipofika NFL mchezo aliuona umepungua kasi. Sasa hapo muujiza uko wapi?

Kidogo apate nafasi mapema zaidi. Mwaka 1997 Chicago Bears walitaka kumjaribu, ikagongana na harusi na fungate, na huko fungate akaumwa na mdudu kwenye kiwiko cha mkono uleule wa kurushia, inasemekana buibui, mkono ukavimba, jaribio likafa. Hapo ndo utaamini kuna watu wana mkosi bana. Baadae St. Louis Rams, ndo hiyo timu ya NFL unayoiuliza, wakamsajili, wakampeleka Ulaya akacheze Amsterdam Admirals, msimu wa 1998, ambako aliongoza ligi nzima kwa yadi za pasi na tachidauni. Msaidizi wake kule Amsterdam, yule wa kukaa benchi akimsubiri yeye achoke, alikuwa kijana anaitwa Jake Delhomme. Shika hilo jina, nitalirudia.

Aliporudi Rams akawa kwotabeki wa tatu. Msimu mzima wa 1998 akaingia mechi moja, pasi 11, zikafika nne. Mwanzoni mwa 1999 Cleveland Browns walikuwa wanaanzisha timu upya na kila klabu ikatoa orodha ya watu ambao Browns wanaruhusiwa kuwachukua, Rams wakamweka Warner kwenye hiyo orodha, yaani bure, mchukueni. Browns hawakumchukua! Ukisikia mtu anasema Rams waliona kipaji, mwambie Rams walikigawa bure na bado hakikupata mwenyewe.

Halafu ikaja Agosti 1999. Rams walikuwa wamemsajili Trent Green kuwa kwotabeki wao, mechi ya maandalizi dhidi ya San Diego akapigwa na Rodney Harrison, goti likaisha, msimu ukaisha. Kocha Dick Vermeil, mzee wa miaka 62, akatoka mbele ya waandishi machozi yanamtoka akasema tutasimama nyuma ya Kurt Warner na tutacheza mpira mzuri. Watu wakaona ni maneno ya msibani, yale ya "poleni, Mungu atafanya njia".

Kilichofuata hakijawahi kutokea. Mechi tatu za kwanza kila moja pasi tatu za tachidauni. Ya nne wakakutana na San Francisco 49ers ambao walikuwa wameifunga Rams mara 17 mfululizo, kumi na saba mdogo wangu, Warner akarusha tachidauni tano wakashinda 42 kwa 20. Msimu ukaisha na tachidauni 41, yadi 4,353, timu iliyokuwa na ushindi mara nne tu mwaka uliopita ikashinda 13 ikapoteza tatu, yeye MVP wa ligi, yaani mchezaji bora. Ikatoka mpaka siriali ya asubuhi yenye sura yake kwenye boksi, bidhaa ya kupangwa na vijana wa usiku kama alivyokuwa yeye.

Niwe mkweli lakini, hakuwa peke yake. Alikuwa na Marshall Faulk, Isaac Bruce, Torry Holt, watu wenye mbio za kutisha, na Orlando Pace anamlinda upande asiouona. Na fundi wa mashambulizi Mike Martz alikuwa na mpango wa kichaa: tuma watu wengi mbele kupokea, baki na wachache wa kumlinda kwotabeki, na mpira urushwe kabla mpokeaji hajageuka. Mpango huo unataka mtu asiyeogopa kupigwa. Walimpata. Ila hesabu yake iko wazi hata kwa mtu wa Simba: wachache wakilinda, anayesimama katikati atapigwa sana. Kila wiki. Kila msimu.

Super Bowl, ndo fainali ya NFL, ya Januari 30, 2000, Atlanta, dhidi ya Tennessee Titans. Akarusha yadi 414, rekodi ya fainali wakati huo, wakashinda 23 kwa 16, akawa mchezaji bora wa fainali, na mechi ikaisha na Mtitan mmoja amekamatwa amenyoosha mkono na mpira, yadi moja kasoro afike. Hiyo utaiona kwenye klipu zote. Ila kuna pasi kabla ya hapo nitaisema mwisho.

Sasa swali lako la pili, mbona walimtema. Mkono, mdogo wangu. Mwaka 2000 akavunjika kidole kidogo cha mkono wa kurushia, akakosa mechi tano. 2001 akarudi moto, yadi 4,830, tachidauni 36, MVP mara ya pili, ila humohumo pasi zake 22 zilinaswa na wapinzani na wengi hawakujali kwa sababu timu inashinda. Fainali ya Februari 2002 wakakutana na New England Patriots wa kijana mmoja asiyejulikana sana anaitwa Tom Brady. Patriots walimpiga Warner na wapokeaji wake usiku mzima, Ty Law akanasa pasi moja akakimbia nayo yadi 47 mpaka mwisho, Rams wakapoteza 20 kwa 17 kwa mkwaju wa sekunde ya mwisho.

2002 alicheza kama mtu mwingine: mechi sita alizoanza zote kafungwa, tachidauni tatu, zilizonaswa 11, na mkono ukavunjika tena. Mechi ya kwanza ya 2003, ugenini kwa New York Giants, ndo ilikuwa kaburi. Mpira ulimtoka mkononi mara sita. Alipigwa mpaka akapata mtikisiko wa ubongo, akalazwa hospitali. Wiki iliyofuata akaanza kwotabeki mwenzake Marc Bulger na Warner hakurudi tena kuwa wa kwanza pale, Juni 2004 wakamwachia aende.

Watu wakasema kaisha, wengine wakasema alikuwa bahati tu. Mimi naona wote walikosea. Alikuwa anafanya kilekile cha 1999, anabaki kwenye poketi mpaka dakika ya mwisho, ila sasa vidole havishiki. Yule ambaye 1999 akipigwa mpira ulikuwa tayari umeondoka, 2003 akipigwa mpira bado anao, na unadondoka. Tofauti ni robo ya sekunde na nguvu ya kidole kimoja. Kosa la Rams kumtema silioni, kwa waliyokuwa wanayaona Jumapili hata mimi ningemweka benchi.

Giants 2004 akaanza mechi tisa, akashinda tano, wakamwingiza kijana wao Eli Manning. Hapo pa kupita tu. 2005 akaenda Arizona Cardinals, timu ambayo enzi hizo ukiitaja watu wanacheka, na 2006 wao nao wakachukua kijana, Matt Leinart, na Warner akaporomosha mpira mwisho wa mechi dhidi ya Rams haohao, wakafungwa 16 kwa 14, haukupita muda akawa benchi. Miaka 35, mara ya tatu anakaa kumfundisha mtoto wa watu kazi yake. Wengi hapo wanaaga.

Kilichombadilisha ni vitu vidogo mno. 2007 akaja kocha Ken Whisenhunt akamwambia bila kumung'unya kwamba akitaka kucheza ashike mpira kwa mikono miwili akiwa kwenye poketi. MVP mara mbili anaambiwa jambo la mtoto wa shule! Hakununa. Akaanza na kuvaa glovu mikono yote miwili, kitu ambacho makwotabeki wengi hawakuwa wanafanya, ili vidole vishike. Leinart akavunjika mfupa wa bega, Warner akaingia, akarusha tachidauni 27 msimu huo. 2008 akacheza mechi zote 16, yadi 4,583, na Cardinals wakaingia mtoano wakiwa na ushindi tisa tu, hakuna aliyewahesabu. Wakaifunga Atlanta, wakaenda Carolina, na kwotabeki wa Carolina nani? Jake Delhomme! Msaidizi wa Amsterdam. Maskini wa Mungu siku hiyo pasi zake tano zilinaswa, Cardinals 33, Carolina 13. Kisha Philadelphia, na timu ya kuchekwa ikaenda Super Bowl kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Tampa, Februari 1, 2009, Pittsburgh wakawafunga 27 kwa 23. Warner yadi 377, tachidauni tatu, ila mwisho wa kipindi cha kwanza wakiwa mlangoni kufunga akarusha pasi moja James Harrison akainasa akakimbia nayo yadi 100 zima. Hiyo moja. Bado inaniuma na mimi wala si shabiki wa Arizona. Alivyostaafu, fainali tatu ambazo kwotabeki alirusha yadi nyingi zaidi katika historia, 414, 377 na 365, zote zilikuwa zake.

Mechi ninayoipenda kuliko zote ni ya Januari 2010, mtoano dhidi ya Green Bay, waliomkata akiwa kijana. Pasi 33, zikafika 29, tachidauni tano. Yaani tachidauni zilikuwa nyingi kuliko pasi alizokosa. 51 kwa 45, muda wa nyongeza. Wiki iliyofuata New Orleans, pasi yake ikanaswa, akawa anageuka kumfuata aliyenasa, Bobby McCray akamjia pembeni akampiga kifuani mpaka akainuka hewani. Alirudi uwanjani kipindi cha pili, ila Januari 29 akatangaza basi, mkataba ukiwa na mwaka mzima mbele yake. 2017 wakamweka Hall of Fame, jumba la heshima la magwiji wa mchezo huo, kule Canton, Ohio.

Ile pasi niliyokuahidi ni hii. Atlanta, fainali ya 2000, zimebaki dakika mbili na kitu, 16 kwa 16. Warner anarudi nyuma, Jevon Kearse wa Titans anakuja ana kwa ana, na Warner anaona, haiwezekani hajaona. Anasubiri. Mpira unatoka na mkono wake unapigwa palepale, kwa hiyo unaenda mfupi kidogo, Bruce kule mbele anapunguza mwendo, anaudaka, anakata ndani, yadi 73. Ukiipata klipu kila mtu atakuwa anamtazama Bruce, kamera yenyewe inamfuata Bruce. We irudishe nyuma uangalie huku kwa aliyerusha, yuko chini amelala, na mpira bado uko hewani.